Jaji Aliyekuja Mara Mbili kwa Mwaka

Sijui Jaji alizaliwa wapi wala baba yake alikuwa nani, na katika miaka minne niliyomkalimania sikuthubutu kumwuliza. Nilichojua ni kwamba alifika Mbeya mara mbili kwa mwaka, akitokea Iringa kwa gari lililojaa vumbi na masanduku ya vitabu, na kwamba kila alipokaribia, watu fulani walikosa usingizi. Wengi wao walikuwa gerezani, wakisubiri kesi za kuua. Mmoja nilikuwa mimi, mkalimani wake.

Jambo la kwanza alilofanya kila asubuhi ni kufungua madirisha ya mahakama. Mtu asiyeijua Mbeya ya mwezi wa sita hawezi kuelewa uzito wa jambo hilo. Baridi ya miaka ile ya ukoloni ilikuwa inakata masikio. Askari walikuwa wameyafunga madirisha tangu alfajiri, wakidhani wanamsitiri mkubwa wao. Yeye aliingia, akavua kofia, akapita dirisha moja hadi jingine akiyasukuma kwa mkono wake mwenyewe, ndipo akaenda kuvaa joho lake jekundu. Alisema waliosimama nje nao wana haki ya kusikia, maana anayeshtakiwa ni mtu wao.

Wazee wa baraza, wale watatu walioketi pembeni yake ili wampe maoni yao mwisho wa kesi, walikuwa wakitetemeka. Mmoja wao alikuwa mfanyabiashara Mwislamu wa mjini, ambaye babu yake alitoka pwani na misafara ya zamani. Huyu alianza kuja na blanketi chini ya kanzu. Jaji aliliona. Kesho yake tukakuta jiko la mkaa limewekwa chini ya meza ya wazee. Chini ya meza ya Jaji hapakuwa na jiko, na alikohoa mpaka jioni.

Alikuwa mrefu, mwembamba, bega moja limeshuka kuliko jingine. Watu walisema limeshuka kwa kuandika. Sishangai. Kila kilichosemwa mahakamani alikiandika mwenyewe kwa kalamu ya wino. Shahidi akisema sentensi moja, mimi niliigeuza kwa Kiingereza, na kalamu ilianza kutembea. Mpaka isimame, hakuna aliyeruhusiwa kufungua kinywa. Kimya kile kilikuwa kigumu kukaa nacho. Nimemwona ofisa wa polisi mwenye nyota mabegani akitokwa na jasho katika baridi ileile iliyowatetemesha wazee.

Niligundua mapema kwamba mtu mwongo hawezi kuingoja kalamu. Kimya kinamtisha, anaongeza maneno ili akijaze, na neno la pili linaliua la kwanza. Jumbe mmoja alikuja kuapa kwamba alimtambua mwizi wa ng'ombe kwa shati lake. Jaji akaandika. Jumbe akaanza kujikuna shingo. Kalamu bado inatembea. Akashindwa kuvumilia, akasema kwamba shati lile asingeweza kulisahau kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyempa mtu huyo, wiki moja baada ya wizi. Nikaigeuza kama ilivyo. Jaji akaandika hiyo nayo, polepole, bila kuinua macho. Mshtakiwa alikuwa nyumbani kwake kabla jua halijazama.

Kwangu mimi alikuwa na amri moja tu. Siku ya kwanza aliniita katika chumba chake akaniambia: "Usiongeze, usipunguze. Mtu akitukana, tukana. Akilia, usilie." Nilidhani ni maneno ya kunitisha mtu mgeni kazini. Kumbe alimaanisha kila silabi.

Iringa nilikwenda naye pia, nikikalimani Kiswahili, Kihehe kikiwa na mtu wake. Huko mzee mmoja, shahidi, alichoshwa na maswali akasema kwamba yule aliyekaa juu kwenye joho jekundu anafanana na kuku aliyenyonyolewa. Ukumbi mzima ulielewa isipokuwa mwendesha mashtaka na wakili. Nikaligeuza. Jaji hakutabasamu wala hakukasirika. Aliniuliza kama ni jike au jogoo. Nikamwuliza mzee. Mzee akafikiri, akasema jike. Jaji akaandika.

Wazungu wenzake hawakumpenda. Palepale Iringa, alipokuwa akikaa hotelini, mwenye shamba mmoja Mzungu alikuja kuketi mezani pake wakati wa chai. Mfanyakazi wa shamba hilo alikuwa amekufa kwa kipigo, na msimamizi wa shamba, Mzungu naye, alikuwa apande kizimbani keshokutwa. Mwenye shamba hakuzungumzia kesi. Alizungumzia mvua na tumbaku. Jaji alikunywa chai yake mpaka mwisho, akainuka, akamwita mpishi wake akamwambia afunge mizigo. Siku zote zilizobaki alilala kwenye chumba cha makaratasi nyuma ya mahakama, juu ya kitanda cha kambi, huku hotelini chumba chake kikiwa wazi. Msimamizi yule alifungwa. Tangu hapo Wazungu wa Iringa hawakumwalika tena, naye hakuonekana kukosa kitu.

Lakini asidhani mtu kwamba namsifu. Mzee mmoja wa milimani alimuua jirani aliyeamini ndiye anayewaroga watoto wake. Watoto watatu walikuwa wamekufa katika mwezi mmoja. Wazee wa baraza wote watatu walisema mtu huyu alikuwa amechanganyikiwa kwa uchungu, asinyongwe. Jaji aliwashukuru kwa heshima kubwa, kisha akamhukumu kunyongwa. Nililazimika kumwambia mzee yule, kwa Kinyakyusa, lugha yangu na yake, maneno ya kunyongwa kwa shingo mpaka kufa. Alinisikiliza kama mtu anayeelekezwa njia. Akaniuliza kama nimemaliza.

Nilimchukia Jaji kwa miezi. Baadaye ndipo karani aliponinong'oneza kwamba jioni ileile Jaji aliandika barua ndefu kwa Gavana, akiomba mzee yule asiuawe, na kwamba mzee alikuwa amesalimika na kupewa kifungo. Nilipothubutu kuligusia, Jaji alisema sheria anaisoma mbele ya watu, na barua anaandika akiwa peke yake, na anayechanganya mambo hayo mawili hafai kwa lolote. Sikuelewa wakati ule. Hata leo sina hakika kama naelewa.

Kila siku aliyotoa hukumu ya kifo hakula tangu asubuhi. Mpishi alizoea, hakuandaa kitu. Hukumu ikiisha, alivua joho, akavaa viatu vizito akaelekea mlima wa Loleza peke yake, kwa mwendo wa kasi usiolingana na kifua chake. Alirudi na matope mpaka magotini, na mtu aliyempungia mkono njiani hakujibiwa.

Sasa niseme habari ya mwanamke wa Chimala.

Wanyakyusa kadhaa walikuwa wamehama kutoka kwetu Tukuyu kwenda Chimala kulima mpunga. Miongoni mwao alikuwa mzee mmoja na mwanawe wa kiume aliyeoa. Siku moja kijana yule alikutwa amekufa uani kwake, kichwa kimepasuka, na mchi wa kutwangia mpunga kando yake una damu. Mkewe alikuwa amempakata, na kaniki yake imelowa. Baba mkwe ndiye aliyepiga kelele watu wakaja. Alisema alifika uani akamkuta mkwewe ameshika mchi. Mwanamke hakusema lolote, si kwa watu wala kwa polisi. Kwa wakili wake, Mhindi mmoja mpole aliyepangiwa kumtetea, hakusema pia. Walionana mara moja tu, robo saa, na aliyewakalimania alikuwa kijana wa ukoo wa mumewe.

Inanibidi nieleze jambo ambalo kwetu halikuwa la kuelezwa. Mwanamke wa Kinyakyusa wa siku zile hakukutana na baba mkwe wake. Hakumtazama, hakulitaja jina lake, wala neno lililofanana na jina hilo. Wakikutana njiani aliingia majanini, akageuza uso na kujifunika. Na baba mkwe kwa upande wake hakutia mguu katika ua wa mkwewe. Tulilijua hili kabla ya kujua kusoma.

Baba mkwe alipopanda kutoa ushahidi, mwanamke alichuchumaa kizimbani, akajifunika kichwa kwa kaniki, akageukia ukuta. Mwendesha mashtaka alimnyooshea kidole akasema mahakama itazame jinsi mshtakiwa anavyoshindwa kumtazama baba wa marehemu. Jaji akatazama, akaandika.

Kisha baba mkwe akasema: "Niliingia uani, nikamkuta na mchi."

Nililigeuza kwa Kiingereza, na nikiwa katikati ya sentensi nikasikia ninachokisema. Aliingia uani. Niliinua macho nikakutana na macho ya mzee mmoja wa baraza, Mnyakyusa mwenzangu, mtu mwenye mvi ambaye mama yangu alimwita kaka. Tulitazamana muda mfupi tu. Akainamisha kichwa akaanza kulitazama jiko la mkaa.

Baba mkwe alipomaliza, alikwenda kuketi benchi la mbele, kama walivyoruhusiwa mashahidi waliokwisha kusema. Akakaa pale siku mbili, mikono juu ya fimbo, hatua nne kutoka kizimbani. Siku mbili hizo mwanamke hakugeuka kutoka ukutani.

Siku ya tatu ilikuwa zamu yake kujitetea. Jaji aliniamuru nimweleze kwamba anaweza kuapa na kusema, au kusema bila kiapo, au kunyamaza, na hakuna atakayemlazimisha. Niliueleza mgongo wake. Hakujibu. Jaji akasema nimwulize tena. Nikamwuliza mara ya pili, na ya tatu. Nilisikia anavyopumua chini ya kaniki. Wakili alikuwa akipanga karatasi zilizokwisha kupangwa. Jaji alichovya kalamu, nikajua ikianza kutembea itaishia kwenye kitanzi.

"Bwana Jaji," nikasema, "nina neno."

Alisimamisha mkono. "La mshtakiwa?"

"Hapana. La kwangu."

"Mkalimani hana neno."

Nikasema najua, ila ninalo. Uso wake ulibadilika rangi. Aliniambia kwa sauti ya chini kwamba nikifungua kinywa mara nyingine kwa jambo lisilotoka kwa shahidi nitalala gerezani, na hakuwa mtu wa kutishia bure. Nilinyamaza. Nikashika ukingo wa meza.

Ndipo wakili akasimama. Sidhani alijua ninachotaka kusema, ila alijua hana kitu kingine mkononi. Akaomba kuniita niwe shahidi wa upande wake. Mwendesha mashtaka akapinga. Mwishoni Jaji akaniamuru nitoke nafasi yangu, na nisirudi tena katika kesi hii kama mkalimani. Mwalimu wa shule ya misheni aliyekuwa akisikiliza dirishani aliitwa ndani akaapishwa kukalimani. Nami nikapanda pale nilipozoea kuwatazama wengine, nikashika Biblia.

Nilieleza desturi yetu. Nilieleza kwa nini mwanamke ameukabili ukuta, na kwamba angefanya vivyo hivyo hata kama aliyeketi pale angekuwa malaika. Kisha nikasema lile la pili, kwamba sijawahi kusikia baba mkwe wa Kinyakyusa akiingia ua wa mkwewe kwa heri.

Mwendesha mashtaka alinishika. Aliniuliza kama mimi ni Mnyakyusa, kama namjua mwanamke huyu, kama nina undugu naye, kama nimeahidiwa kitu na watu wake. Aliuliza, ikiwa leo nimeamua kumtetea mshtakiwa, ni kesi ngapi nyingine katika miaka minne nimezipinda bila mtu kujua. Nilisema hakuna hata moja, na nilisikia sauti yangu ilivyokuwa nyembamba. Kalamu ilitembea. Kwa mara ya kwanza nilijua uzito wa kuingoja, na jinsi hata mkweli anavyotamani kuongeza.

Jaji alimgeukia mzee wa baraza wa Kinyakyusa akamwuliza kama niliyosema ni kweli.

Mzee alichelewa. Nje, dirishani, watu walikuwa wamejaa kimya.

"Ni kweli," akasema. "Mtoto huyu ametuvua nguo mbele za watu. Lakini ni kweli."

Jaji alimwamuru baba mkwe atoke, na askari wawili wafuatane naye. Kisha akafanya jambo ambalo hakuna aliyewahi kuliona: aliinuka na joho lake, akapita dirisha moja hadi jingine, akayafunga yote. Ukumbi ukawa na giza. Akarudi akaketi, akamwagiza yule mwalimu amwambie mwanamke kwamba baba mkwe hayupo tena, na hawezi kusikia.

Tulingoja. Kaniki ilisogea. Polepole akageuka, na ndipo nilipouona uso wake kwa mara ya kwanza. Alikuwa na umri wa dada yangu mdogo.

Alisema kwa sauti ya mtu anayezungumza na mtoto aliyelala. Hata hapo hakumtaja. Alisema, "Yule alikuja." Alikuwa akitwanga aliposikia sauti yake, akauacha mchi kinuni, akakimbilia nyuma ya banda kama inavyompasa, akageuza uso. Wanaume wawili wakagombana juu ya shamba la mpunga ambalo baba alilitaka lirudi. Jaji akauliza aliona nini.

"Sikuona," akasema. "Siruhusiwi kuona. Nilisikia mchi."

Alisikia mara mbili. Kisha miguu ikiondoka. Alipotoka, mumewe alikuwa bado anapumua, akampakata. Yule akarudi, akapiga kelele, naye akajifunika.

Ilichukua mchana mzima, kwa sababu kila sentensi ilizunguka mahali penye jina la baba mkwe kama maji yanavyozunguka jiwe. Jaji hakumharakisha hata mara moja. Wazee wote watatu walisema hana hatia, na safari hii Jaji alikubaliana nao. Baba mkwe alikamatwa siku hiyohiyo. Kesi yake ilisikilizwa na jaji mwingine, akakiri, akafungwa. Mwanamke alichukuliwa na kaka yake. Aliponipita mlangoni alikuwa ameinamisha kichwa, akasema "Ndaga," asante ya kwetu, bila kunitazama.

Kesho yake asubuhi Jaji aliniita. Nilivaa koti langu zuri. Sitaficha: nilitarajia sifa.

"Ulisema kweli," akaniambia. "Na hutakalimani tena mbele yangu."

Alisema kuanzia sasa kila atakayeshindwa kesi atadai mkalimani ana upande wake, na atakuwa na haki ya kudai. Aliongea akitazama kidau cha wino. Nilimwuliza kama angependa ningenyamaza. Akachovya kalamu akaanza kuandika. Nilisimama pale mpaka nikaona aibu ya kusimama, nikatoka.

Kwetu nako sikupata pa kupumulia. Mzee yule aliyeitwa kaka na mama yangu hakunisalimu kwa mwaka mzima. Wanawake walinong'ona kwamba nimeyatoa ya chumbani nikayaanika mahakamani. Aliyeniokoa ni yule mzee Mwislamu wa mjini. Alikuwa na duka na ghala la mchele, akaniita akaniambia watu wa kunyamaza anao wa kutosha, anahitaji mmoja anayesema hata akikatazwa. Nikawa mtu wake wa kununua mpunga Chimala na kuupeleka Iringa kwa lori.

Kwa hiyo ilikuwa Iringa, miaka mitatu baadaye, nilipomwona tena. Nilikuwa nimeshusha magunia, napita mbele ya mahakama wakati wa adhuhuri. Jaji alikuwa ameketi kwenye ngazi, koti limefungwa mpaka shingoni ingawa jua lilikuwa kali. Alikuwa amekonda hata masikio yake yalionekana makubwa. Nilitaka kupita. Akaniita, "Mkalimani."

Nikamwambia siku hizi nauza mchele.

Akasema anajua. Akasogea, akapapasa ngazi, nami nikaketi. Alisema hii ni safari yake ya mwisho. Akimaliza Mbeya anarudi kwao, daktari ameamua. 

Kisha akasema kulikuwa na mwanamke mwingine. Mwaka mmoja kabla sijaanza kazi kwake, huko huko Mbeya, mwanamke wa Tukuyu alishtakiwa kumpa mumewe sumu. Hakusema neno kwa siku nne. Alijifunika, akageukia ukuta. Mkalimani wa wakati ule alikuwa mtu mwaminifu sana. Jaji aliandika kwamba mshtakiwa hana la kusema. Barua kwa Gavana hakuiandika, kwa sababu hakuona cha kuombea. Mwanamke yule alinyongwa.

"Siku ile ulipokuwa ukieleza desturi," akasema, "nilikuwa namwona huyo. Nilipokuita asubuhi sikuweza kukutazama. Sababu niliyokupa ilikuwa ya kweli. Haikuwa yote."

Nikamwuliza mashahidi walikuwa nani. Alikuwa amekwisha kuvitazama vitabu vyake vya zamani. Shahidi wa tatu alikuwa baba wa mume, naye aliketi benchi la mbele mpaka mwisho.

Alitaka nimwambie kitu. Niliona jinsi alivyokuwa akingoja, na nilijua kuna maneno mawili matatu ambayo yangemruhusu kupanda meli kwa amani. Ningeweza kusema huenda alimpa mumewe sumu kweli. Huenda kweli alimpa.

"Sijui kama aliua," nikamwambia. "Najua kwamba kule kunyamaza hakukuonyesha kitu."

Aliitikia kwa kichwa taratibu, mara nyingi. Akauliza kama mama wa mwanamke yule angekuwa hai. Kijiji chao kilikuwa kwenye kitabu chake. Akauliza kama ningekubali kwenda naye.

Wiki iliyofuata tulipanda gari lake kutoka Mbeya, tukaipita Ilomba yenye mashamba ya mahindi, tukashika njia ya Tukuyu. Njiani aliniuliza mara moja tu, watu wanasemaje kwetu wakienda kwenye msiba. Nikamwambia wanakwenda wanaketi. Gari tuliliacha barabarani tukatembea kati ya migomba, yeye akisimama kila baada ya hatua chache kushika kifua. Watu walitufuata kwa macho, hakuna aliyesogea.

Mama alikuwa uani, ameketi chini na ungo mapajani, anamenya maharage. Alikuwa mzee lakini mikono yake ilikwenda upesi. Nilimsalimu kwa adabu zote. Akaitikia, akauliza Mzungu huyu amefuata nini.

Nikamgeuzia Jaji. Alikuwa amevua kofia.

"Mwambie mimi ndiye niliyemhukumu mwanawe."

Nilimwambia. Mikono yake haikusimama. Ganda, punje, ganda, punje. Baadaye akauliza, bila kuinua uso:

"Mwanangu alisema nini siku hiyo?"

Jaji aliponisikia, akajibu: "Hakusema kitu."

Niliirudisha hiyo kwa Kinyakyusa, na mara hii mikono ilisimama. Mama alimtazama Jaji, akaanza na viatu, akapanda mpaka usoni, akakaa hapo.

"Basi na wewe usiseme," akajibu.

Niligeuza maneno yake kwa Kiingereza jinsi yalivyotoka. Jaji akakunja magoti kwa shida, akiwa ameshika bega langu, akaketi chini kwenye udongo, nami nikaketi kando yake. Mama akarudia maharage yake. Mvua ilipoanza kudondoka kutoka upande wa Rungwe, aliinuka akaingiza ungo ndani. Jaji hakuinuka, na mimi sikuinuka.